Simu Inasema Niko Sawa: niliyoyaongea usiku wa filamu za Nepal

Haya niliyasema Ijumaa usiku kwenye ukumbi wa mtaa hapa Mombasa kabla hatujawasha projekta. Waliokosa wameniomba niandike, nimeandika vilevile nilivoongea, sijapanga sana.

Asalam aleykum, hamjamboni nyote. Wazee shikamooni, kina mama karibuni mbele viti viko, watoto kaeni mkekani, feni ndo hiyo moja tutagawana upepo wake.

Nianze na rafiki yangu mmoja, jina lake nitabaki nalo mwenyewe. Nilikaa Doha miaka minne, kazi ya uaskari wa geti, chumba kimoja watu wanane, vitanda vya ghorofa, Wanepali watano, Mganda mmoja na Wakenya wawili, mimi na kijana wa Kisumu. Huyu rafiki yangu Mnepali alilala kitanda cha juu yangu. Kila Ijumaa ambayo hakupangiwa kazi anaamka, anaoga, anapiga pasi shati lake jeupe, lile moja, anapaka nywele mafuta, afu anapanda basi kwenda Corniche, pale baharini penye maghorofa ya vioo nyuma, anasimama akiyapa mgongo na anampigia mamake simu ya video. Mamake akiuliza umekula, anasema nimekula nyama. Akiuliza kazi vipi, anasema niko ndani, kuna eisi. Na wallahi wiki hiyo tulikuwa tunakula wali na dengu za kukopa manake mshahara ulichelewa miezi miwili, na kazi yenyewe ilikuwa kusimama juani masaa kumi na mbili kwenye geti la saiti isiyokuwa hata na kibanda.

Siku moja nikamuuliza, kaka mbona unamdanganya mama? Akasema nikimwambia ukweli hatalala, na yeye asipolala na mimi silali, na pesa tuliyokopa ya dalali bado hatujamaliza kulipa, sasa huo ukweli utamsaidia nani.

Nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nafanya hivohivo. Picha zote nilizotuma nyumbani ziko na ghorofa nyuma ama gari la mtu nimeliegemea, hakuna hata moja yenye kile chumba. Na binamu yangu aliziona zile picha akauza pikipiki yake ya boda akamlipa ajenti akaja. Aliposhuka kwenye basi la kambi akanitafuta kwa macho, tukaangaliana, hakusema neno. Mpaka leo hajawahi kuniuliza kwa nini sikumwambia. Natamani angeniuliza.

Kwaiyo mkiniona nahangaika na hizi filamu za Wanepali, nakopa projekta, nawasumbua kwenye magrupu, chanzo ni hicho. Hizi filamu ndo mahali pa kwanza nilipoona mtu amekataa kupiga picha Corniche.

Na hilo neno dalali. Siku ya kwanza rafiki yangu kulisema alisema "dalal", nikashtuka, nikamwambia hilo neno letu, akasema hapana ni letu sisi, kumbe sote tumelichukua kwa Waarabu. Huko Nepal dalali ndo anayeshuka kijijini, anakunywa chai kwenu, anamwambia babako kijana wako mkubwa huyu mbona bado yuko hapa. Juu yake kuna kampuni ya mjini Kathmandu, wao wanaiita "manpower", hivohivo kwa Kiingereza, hata bibi kizee asiyejua kusoma anasema manpower. Serikali yao mwaka 2015 iliweka sheria kwamba kwa nchi za Ghuba na Malaysia visa na tiketi ni juu ya mwajiri, kampuni isitoze zaidi ya rupia elfu kumi. Waulizeni wenyewe kama walilipa elfu kumi. Watu wanalipa mara kumi ya hiyo na zaidi, risiti inaandikwa ile elfu kumi, na zilizobaki zimetoka kwa mkopeshaji wa kijijini ambaye riba yake inafika hata 36 kwa mia kwa mwaka. Yani mtu anafika Doha mwaka wa kwanza wote anafanyia kazi deni, hajatuma hata shilingi ya mabati.

Sasa nchi yenyewe. Nepal ina watu kama milioni 29, sensa yao ya 2021 ilihesabu zaidi ya milioni 2 hawako, wako nje. Pesa wanazotuma ni kama robo ya uchumi wote wa nchi. Vibali vya kazi vya nje miaka ya karibuni vimepita laki saba kwa mwaka ukijumlisha na wanaorudia mkataba, gawanyeni wenyewe muone kwa siku ni wangapi, ni kama elfu mbili, kila siku ya Mungu, Qatar, Saudia, Emirates, Kuwait, Malaysia. Na hapo hujahesabu wanaovuka kwenda India, maana huko mpaka uko wazi hakuna kibali. Ukienda uwanja wa ndege wa Kathmandu, Tribhuvan, utawajua wanaoondoka, wana tika nyekundu, ile alama ya baraka, kwenye paji la uso na mashada ya maua ya manjano shingoni, nyumba nzima imekuja kusindikiza, mama analia, mtoto hajui kwa nini. Rafiki yangu alisema lile shada alilivua akiwa ndani ya ndege akaliweka chini ya kiti, akaona chini ya viti kumejaa mashada.

Hili la kuondoka si la juzi kwao. Mtu anayeenda nje wanamwita "lahure", neno limetoka kwenye mji wa Lahore, manake miaka ya 1800 huko mwanzoni vijana wao walienda Lahore kuwa askari wa mfalme wa Kisikh, baadaye Waingereza wakawachukua ndo hao Gurkha. Babu zetu walioingia keya, lile jeshi la Waingereza la huku kwetu, walipelekwa Burma vita vya pili, na Gurkha walikuwa Burma hiyohiyo. Kwaiyo tulishawahi kuwa kambi moja kabla ya Doha, jeshi la mtu mwingine, vita ya mtu mwingine. Sijui kwa nini shuleni hatukufundishwa hilo.

Tuje kwenye filamu sasa.

Nepal wana filamu zao za kawaida, za nyimbo na mapigano na vichekesho, kama za Kihindi kidogo, zinajaza kumbi na sina ubaya nazo. Lakini pembeni kuna hawa wanaotengeneza filamu kwa pesa ya kuunga unga, kidogo ya rafiki, kidogo ya mfuko wa Ulaya, kidogo ya mtu aliyeguswa, mfano Deepak Rauniyar filamu yake Highway ya 2012 aliungwa mkono na kampuni ya Danny Glover, yule muigizaji mweusi wa Marekani mnayemjua. Hawa ndo wameiangalia hii habari ya bidesh, bidesh ndo ng'ambo, bila kuipaka mafuta.

Aliyeanza kunifungua macho ni Kesang Tseten. Huyu ni mtu wa dokumentari, mwaka 2009 alitoa In Search of the Riyal, kutafuta riali yani, na ikafuatiwa na nyingine za Ghuba, The Desert Eats Us, na Saving Dolma. Angalieni hilo jina, jangwa linatula. Anawafuata vijana tangu kule Nepal wanakojiandaa mpaka Qatar kwenyewe. Mimi niliangalia nimesharudi, kwenye simu, usiku, nimeweka earphone ili mke wangu asiamke, na nilipoona kile chumba, zile nguo zimeanikwa juu ya kitanda, zile sufuria, nililia. Chumba kile sijawahi kukiona kwenye skrini. Ghuba nimeiona kwenye skrini mara elfu, viwanja, maghorofa, mashindano ya ngamia, lakini kitanda changu sijawahi kukiona. Ukikiona kitanda chako kwenye filamu ya mtu ndo unaelewa kwamba lile lilitendeka kweli, hukuota.

Saving Dolma ni ya mwanamke mfanyakazi wa nyumbani Kuwait aliyehukumiwa kifo kwa kumuua mfanyakazi mwenzake Mfilipino. Kina mama nataka mfikirie hapo. Nyumba moja ya tajiri, masikini wawili wamefungiwa ndani, kila mmoja ametoka kwao kwa deni, na mwisho mmoja amekufa na mwingine kamba inamsubiri, na familia ya huku inaomba msamaha kwa familia ya kule, wote masikini. Tseten hakimbilii kutuambia nani mbaya. Kesi kama hii sisi tunaionaje? Tunaona vidio ya dada analia amejifungia bafuni Riyadh, anaongea kwa kunong'ona, tunaishea, tunaandika jamani serikali iko wapi, Jumatatu imepita. Yeye alikaa na habari hiyo mpaka akaielewa. Tofauti yetu na wao nadhani iko hapo tu, si kamera, kamera tunazo mfukoni.

Filamu ya pili ninayotaka kuwaambia ni The Red Suitcase ya Fidel Devkota, ilionyeshwa Venice mwaka 2023. Dereva wa pikapu anachukua mzigo uwanja wa ndege Kathmandu apeleke kijijini milimani, safari ya siku mbili. Mzigo ni jeneza. Na huku kwingine kuna mtu mmoja anatembea peke yake njia hiyohiyo ya kijijini anavuta sanduku dogo jekundu. Ndo hivo tu. Hakuna kelele, hakuna muziki wa kukuliza, gari linapanda mlima, linasimama, watu wanauliza maswali, wengine hawataki hata kulisogelea gari, usiku unaingia. Wengine mtasema inaenda polepole, binamu yangu alisema hivo, akasinzia. Mimi nasema haingeweza kwenda kwa kasi. Habari za gazeti zinaishia uwanja wa ndege, "miili mitano imewasili", nukta. Lakini jeneza halikai uwanja wa ndege, kuna mtu lazima alilipandishe, lazima asimame njiani ale, lazima aingie uani kwa mtu na kuzima injini, na anajua akizima injini mama atatoka nje. Hizo siku mbili hakuna takwimu inayozihesabu. Devkota akazifanya filamu nzima.

Na hayo majeneza ni mengi jamani. Serikali ya Nepal yenyewe kwenye rekodi zake miaka ya karibuni inaandika zaidi ya vifo elfu moja kwa mwaka vya wafanyakazi walioko nje, unagawanya unapata kama matatu kwa siku, siku nyingine zaidi. Vijana wa miaka thelathini. Na cheti kinasema nini? Kinasema moyo umesimama, ama kifo cha kawaida. Moyo wa kila mtu ukifa unasimama, hiyo si sababu! Mwaka 2019 watafiti waliandika kwenye jarida la madaktari wa moyo, walichukua Wanepali zaidi ya 1,300 waliokufa Qatar kati ya 2009 na 2017, wakaviweka vifo pembeni ya joto la kila mwezi, wakaona vifo vya moyo vinapanda na joto. Sisi tuliosimama kwenye geti mwezi wa saba hatukuhitaji jarida. Jasho linakauka kabla halijashuka, mkojo unakuwa rangi ya chai, unaambiwa kunywa maji na maji yenyewe yako moto. Na kuna wengine wamerudi Nepal wazima kwa macho lakini figo zimekufa, wako kwenye mashine ya kusafisha damu, kijana wa miaka 28, na familia inauza lile shamba aliloenda kulikomboa.

Mkidhani ni habari za Wanepali peke yao, mwaka 2021 wizara yetu ya mambo ya nje ilisema Wakenya 89 wamekufa Saudia ndani ya kama miaka miwili, wengi wao dada zetu wa kazi za nyumbani, na kwenye maelezo mkasikia neno gani? Moyo. Moyo umesimama. Cheti kilekile.

Niseme kidogo kuhusu wanaobaki, maana usiku wa leo ni wao.

Deepak Rauniyar ana filamu inaitwa White Sun, kwa Kinepali Seto Surya, ya 2016. Ni habari ya baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoisha 2006, mzee amekufa kijijini juu ya mlima na mwili unatakiwa ushushwe mtoni kuchomwa. Mila inasema wanawake wasiuguse. Sasa wabebe nani? Mtoto wa kiume aliyerudi mmoja, mwingine wamegombana hapohapo njiani akaondoka zake, wamebaki wazee ambao wenyewe ni wa kubebwa. Maiti inakaa njiani inasubiri mabega. Filamu inaongelea vita na siasa zao, ni kweli, na sijasema ni filamu ya bidesh, lakini mimi niliyekaa na Wanepali watano kwenye chumba kimoja nilipoiangalia niliwaza, mabega nayajua yaliko. Yako Doha, yamebeba vyuma.

Kuna na ya Nabin Subba, Gaun Aayeko Bato, barabara iliyokuja kijijini, ya 2023. Baba anasuka vitu vya mianzi, anauza, wanaishi. Barabara inafika, kijiji kinashangilia, na juu ya barabara hiyo inakuja plastiki, na soda, na televisheni, na mtoto anataka soda, anataka kile mwenzake anacho. Kazi ya mikono ya baba inakuwa haina bei. Mzee Hamisi hapo anatikisa kichwa, yeye alikuwa anasuka majamvi, anajua. Naipenda hii kwa sababu inajibu swali ambalo kila mtu ananiuliza, "si mlijipeleka wenyewe?" Ndio tulijipeleka. Lakini kabla sisi hatujaondoka kuna kitu kilikuja, na hicho kitu hakuna mtu anakiuliza pasipoti. Anayeigiza huyo baba ni Dayahang Rai, ndo huyohuyo wa White Sun, ni staa mkubwa wa filamu za kawaida kule na bado anakuja kucheza hizi, na hilo nalo ni jambo la kumpa heshima.

Ya leo inaitwa Bulbul, ya Binod Paudel, ya 2019, ndo Nepal waliipeleka kushindania Oscar mwaka ule. Ni ya mama anaitwa Ranakala anaendesha tempo Kathmandu, tempo ni kama tuktuk zetu lakini ya umeme na inabeba abiria wengi kwa nyuma, zipo tangu miaka ya tisini na wanawake wengi wanaziendesha. Mume wake yuko Arabuni miaka. Sitawaambia zaidi. Nitasema tu kwamba haimfanyi malaika wala haimfanyi malaya, na nyie mnajua hapa mtaani mwanamke ambaye mume yuko Saudia anapewa moja kati ya hizo mbili, hakuna ya tatu. Akicheka na fundi wa maji imeandikwa. Mumewe akioa huko mambo ya wanaume. Pesa ikichelewa anaulizwa yeye, ikija anaulizwa ameipeleka wapi. Swastima Khadka anayeigiza anaonyesha hayo yote kwa kushika usukani tu, kwa vile anavoangalia kioo cha pembeni. Nawaomba mumuangalie yule mama vizuri halafu kesho mkikutana na fulani wa nyumba ya nne msimuangalie mlivozoea.

Hapa kwenye wanawake nina manung'uniko yangu kwa hawa hawa wanaotengeneza filamu. Wanawake waliobaki wamewaonyesha, lakini mwanamke aliyeenda, ndani ya nyumba ya watu, jikoni, sijaona filamu nyingi za kuigiza zinazomfuata mpaka ndani. Na kuna sababu ya kumfuata. Serikali ya Nepal imekuwa ikiwafungia wanawake mlango tangu 1998 baada ya mmoja kufa kwa mateso ya Kuwait, ikafungua, ikafunga tena, 2012 ikasema chini ya miaka 30 marufuku Ghuba, 2017 ikazuia kazi za nyumbani Ghuba kabisa. Nia ni kulinda. Kilichotokea ni wanawake wakaanza kupita India, Delhi, Mumbai, bila kibali, bila bima, bila jina kwenye daftari lolote, na mtu ambaye hayuko kwenye daftari akipotea hakuna anayemtafuta. Ukimfungia mwenye njaa mlango unamfungulia dalali dirisha.

Na wengine hawakuishia Ghuba. Wengine walikuja hapa. Hapa Mombasa, na Nairobi. Wasichana wa Kinepali wameletwa kwenye klabu za mujra, kucheza usiku nyimbo za Kihindi mbele ya wanaume wanaotupa noti, pasipoti amezishika tajiri, mchana wamefungiwa kwenye fleti, wengine wameokolewa na polisi na kesi zikaenda mahakamani, magazeti yaliandika. Tumepita hizo barabara. Tumeona hizo taa. Dada zetu wako Riyadh wamenyang'anywa pasipoti tunalia, na dada za wenzetu wako hapa wamenyang'anywa pasipoti tunapita na mishkaki mkononi. Hili linaniuma kuliko yote niliyosema leo, manake kule nilikuwa mgeni sina nguvu, hapa mimi ndo mwenyeji.

Mwaka jana Septemba, 2025, mliona Kathmandu vijana wameingia barabarani, serikali ikaanguka kwa siku mbili, watu zaidi ya sabini wakafa. Tuliambiwa chanzo ni kufungiwa Facebook na WhatsApp na kadhalika. Watu wakacheka, eti vijana wanaandamania Facebook. Kwanza walikuwa wanaandamania ufisadi na ukosefu wa kazi, walisema wenyewe. Lakini hata hiyo WhatsApp, nyumba ambayo baba yuko Qatar, mama yuko Kuwait na mtoto analelewa na bibi, WhatsApp ndo sebule yao! Ukiifunga umefunga mlango wa sebule watu wako ndani. Rafiki yangu alinitumia ujumbe kipindi hicho, yuko Malaysia sahii, akasema siku ile mamangu hakuniona, na mimi sikupiga pasi shati.

Ndio, bado anapiga pasi.

Hizi filamu zina shida moja, zinafika Venice kabla hazijafika kijijini. Anayezishangilia kwanza ni mtu wa Ulaya aliyevaa suti, na yule mama wa milimani ambaye ni habari yake pengine hataiona. Wenyewe wanajitahidi, Kathmandu kuna tamasha la dokumentari la Film Southasia tangu 1997 ambalo huzungusha filamu zake miji mingine, kuna na lile la filamu za milimani. Lakini filamu ya masikini kuifikisha kwa masikini ni kazi kuliko kuitengeneza. Ndo maana tuko hapa na shuka la mamangu ukutani.

Maandishi ya chini ni Kiingereza, kwaiyo binti yetu huyu, amemaliza kidato cha nne, atatusomea kwa Kiswahili kwenye maiki, taratibu. Najua wengine mmezoea DJ Afro, yule anayesimulia filamu za nje kwa lugha yetu, anaongezea vituko, mnacheka mpaka mnaanguka, leo hatuongezi kitu, atasoma kilichosemwa tu, na pakiwa kimya na yeye atanyamaza.

Na baada ya filamu, yeyote aliyerudi kutoka huko akitaka kusimama aseme kile chumba kilikuwaje, maiki iko. Si lazima. Binamu yangu ameniambia atasimama. Mimi nitakaa kule nyuma nimsikilize.

La mwisho ni simu. Kawaida tungewaambia mzizime. Leo ni Ijumaa, na huko kwa saa hizi ndo wanapiga. Yeyote ambaye simu italia kutoka Riyadh, Doha, Dubai, popote, apokee hapohapo alipokaa, asione haya, asitoke nje. Anyooshe mkono tu, tutasimamisha filamu, tutamsubiri aongee mpaka amalize.